Barua isiyomfikia mwenye gari: Namna ya kuitikia wito wa usalama wa gari la spoti

MNAMO Agosti 2024, kampuni za Mazda na Ford ziliwaambia wateja wao nchini Marekani neno ambalo hakuna mtengenezaji wa magari apendaye kulitamka: egesheni magari hayo, na msiyaendeshe tena hadi yarekebishwe. Onyo hilo liligusa magari zaidi ya 450,000, yakiwemo ya spoti aina ya Mazda RX-8, Ford Mustang na Ford GT.

Hitilafu yenyewe haikuwa habari mpya. Ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya mwongo mmoja, vipuri salama vilikuwepo, na kazi ya kuvifunga haikumgharimu mwenye gari hata senti moja. Barua zilikuwa zimetumwa, tena si mara moja. Hata hivyo, magari hayo yalikuwa yangali barabarani, kila moja likibeba ndani ya usukani au dashibodi yake chombo kinachoweza kumrushia dereva au abiria vipande vya chuma.

Ikiwa maradhi yanafahamika na dawa inatolewa bure, mbona mgonjwa hatibiwi? Jibu la swali hili linahusu anwani kuliko ufundi. Mtengenezaji humjua vyema mtu wa kwanza aliyelinunua gari, humjua kwa mashaka yule wa pili, na huenda asimjue kabisa yule wa tano. Gari la spoti, kwa tabia yake, ni gari la watu wengi.

Gari huitwaje?

Gari huitwa na mtengenezaji pale inapogunduliwa kwamba sehemu yake fulani ina hitilafu inayohatarisha maisha, na kwamba hitilafu hiyo ilitoka nalo kiwandani wala haikuletwa na uchakavu wa kawaida au uzembe wa dereva. Mtengenezaji hutakiwa kuitangaza, kuwatafuta wenye magari na kuyarekebisha kwa gharama yake mwenyewe.

Nchini Marekani, utaratibu huu umejengwa juu ya sheria ya usalama wa magari ya 1966. Mtengenezaji akishaiarifu idara ya serikali inayosimamia usalama wa barabarani, NHTSA, huwa na siku 60 za kuwaandikia barua wenye magari. Anaweza kulitengeneza gari, kulibadilisha kwa jingine au kurudisha fedha. Haki hiyo ya kutengenezewa bila malipo hudumu kwa miaka 15 tangu siku gari liliponunuliwa mara ya kwanza. Kabla ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 2015, muda huo ulikuwa miaka 10.

Japani nayo ilianzisha mfumo wake mwaka wa 1969, na leo husimamiwa na wizara inayoshughulikia ardhi, miundombinu na uchukuzi.

Lipo jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hawalifahamu. Haki hii huliandama gari, wala haimwandami mtu. Anayemiliki gari leo, hata kama alilinunua kwa jirani yake bila risiti ya duka, ana haki sawa na yule aliyelitoa dukani likinukia upya. Haulizwi alilinunua kwa nani wala kwa bei gani. Huulizwa nambari ya chesi tu.

Orodha inapokuwa fupi

Wito huwa mwepesi kutimizwa pale mtengenezaji anapojua kila gari liliko. Mfano mzuri ni wa Porsche. Mapema mwaka wa 2014, magari mawili mapya aina ya 911 GT3 yalishika moto barani Ulaya. Kampuni hiyo iliwaomba wenye magari yote 785 ya toleo hilo wasiyaendeshe, ikajitolea kuyafuata yalikokuwa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba skrubu ya konrodi ilikuwa ikilegea. Konrodi ikilegea huligonga kasha la injini na kulitoboa, mafuta ya injini yakamwagika, na yakigusa sehemu zenye moto mkali huwaka. Porsche haikutafuta njia ya mkato. Ilitangaza kwamba ingeyawekea magari yote 785 injini mpya zenye skrubu zilizoboreshwa.

Miaka minne kabla ya hapo, mnamo 2010, Ferrari iliyaita magari 1,248 aina ya 458 Italia. Kosa lilikuwa gundi iliyotumiwa kubandika ngao ya kuzuia joto karibu na magurudumu ya nyuma. Injini ilipopata joto kali, gundi ililainika, ngao ikapinda na kusogelea mabomba ya moshi, na moto ukazuka. Dawa ikawa kuondoa gundi na kuifunga ngao hiyo kwa vishikizo vya chuma.

Magari hayo yalikuwa machache, mapya, ya bei ghali, na wengi wa wenye nayo walikuwa wamenunua kwa wakala aliyewajua kwa majina. Lakini gari lililotengenezwa kwa maelfu, likauzwa, likauzwa tena, kisha likapakiwa melini, huwa na hadithi nyingine kabisa.

Kilichofichwa ndani ya usukani

Hadithi hiyo nyingine ni ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Huu ndio wito mkubwa zaidi katika historia ya magari. Nchini Marekani pekee ulihusu mifuko ipatayo milioni 67.

Mfuko wa hewa hukunjwa ndani ya usukani au dashibodi ukiwa pamoja na mkebe mdogo wa chuma uliojazwa vidonge vya kemikali. Gari linapogonga kitu kwa kishindo, cheche huwashwa ndani ya mkebe, kemikali huungua na kutoa gesi, nayo gesi huujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope. Uso na kifua cha dereva hukutana na mto badala ya usukani.

Takata ilichagua kutumia amonia naitreti, kemikali ambayo pia hutumiwa kutengeneza mbolea na baruti za kupasulia miamba. Ni rahisi kwa bei, lakini haivumilii unyevu. Wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka wa 2016 walitaja mambo matatu yanayokutana: matumizi ya kemikali hiyo bila kikausha unyevu, muundo wa mkebe ulioruhusu unyevu kupenya, na kukaa kwa miaka mingi katika mazingira ya joto linalopanda na kushuka huku hewa ikiwa na unyevu mwingi.

Mambo hayo yakikutana, vidonge hupoteza uthabiti wake. Siku ya ajali huungua kwa kasi kupita kiasi, na mkebe wenyewe hupasuka kama guruneti ndogo. Chombo kilichowekwa ili kumwokoa dereva humchoma kwa vipande vya chuma shingoni na usoni, hata katika ajali ndogo ambayo angetoka bila mkwaruzo.

Kufikia mwaka wa 2024, NHTSA ilikuwa imethibitisha vifo 28 nchini Marekani kutokana na kupasuka kwa mikebe hiyo, na mamia ya watu walikuwa wamejeruhiwa. Vifo vingine vilitokea katika nchi kama Malaysia na Australia. Mnamo Juni 2025, kufuatia kifo kilichotokea mjini Reims, Ufaransa, agizo la kutoyaendesha magari yote ya Citroën C3 na DS3 yenye mifuko hiyo lilitolewa kwa nchi nzima ya Ufaransa. Reims si mji wa joto la pwani. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba umri wa mkebe nao ni hatari, hata mahali penye baridi.

Takata yenyewe haikudumu. Mwaka wa 2017 ilikiri mahakamani nchini Marekani kwamba iliwadanganya watengenezaji wa magari kwa kughushi matokeo ya majaribio, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwezi Juni mwaka huohuo ikatangaza kufilisika. Sehemu kubwa ya mali yake ilinunuliwa na kampuni nyingine mwaka wa 2018. Mikebe iliyoitengeneza, hata hivyo, haikufilisika pamoja nayo. Ingali ndani ya magari.

Kwa Mkenya, neno la kutiliwa maanani hapa ni unyevu. Marekani iligawa maeneo yake kwa kiwango cha hatari, na majimbo na visiwa vya joto na unyevu kama Florida, Hawaii na Puerto Rico yakawekwa katika kundi la hatari zaidi. Yeyote aliyeishi Mombasa, Malindi au Lamu hahitaji kuelezwa joto na unyevu ni nini.

Kwa nini magari ya spoti husahaulika

Orodha ya magari ya Takata yaliyoitwa Marekani ina majina mengi yanayopendwa na wapenzi wa mwendo: Mazda RX-8, Honda S2000, Ford Mustang, Dodge Challenger, Ferrari 458 Italia na Ferrari California. Imo pia Subaru Impreza ya miaka ya 2004 hadi 2011, gari ambalo vijana wengi wa Kenya hulitambua kwa mngurumo kabla halijaonekana.

Magari ya aina hii huiponyoka orodha ya mtengenezaji kwa sababu kadhaa.

Kwanza, hubadilisha mikono haraka. Kijana hulinunua akiwa hana familia, akaliuza anapohitaji gari la viti vingi. Kila linapouzwa, barua ya mtengenezaji huendelea kwenda kwenye sanduku la posta la mtu aliyekwisha kulisahau.

Pili, baada ya miaka michache, mwenye gari la spoti huacha kulipeleka kwa wakala. Hulipeleka kwa fundi anayezifahamu injini za aina hiyo. Fundi huyo anaweza kuwa hodari kuliko wote mjini, lakini hana kompyuta inayomwonyesha kwamba nambari ya chesi iliyo mbele yake imeitwa.

Tatu, magari haya hufanyiwa mabadiliko. Usukani wa kiwandani hung'olewa na mwingine mdogo wa mashindano kuwekwa. Viti hubadilishwa. Injini huhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Aidha, gari la spoti likipata ajali, mara nyingi hufufuliwa kwa vipuri vilivyochomolewa katika magari mengine, mifuko ya hewa ikiwemo.

Sababu hii ya tatu ndiyo yenye hila kubwa zaidi. Nambari ya chesi hueleza gari lilivyotoka kiwandani. Haiwezi kueleza kwamba mfuko wa hewa uliomo leo ulitoka katika gari jingine lililoitwa na ambalo halikurekebishwa. Kompyuta itajibu kwamba gari ni salama, ilhali hatari imekaa usukanini.

Nne, gari la spoti hutunzwa. Hufunikwa kwa turubai, likatolewa Jumapili kwa matembezi. Mwenyewe huliona lina kilomita chache na rangi ing'aayo, akadhani ni jipya. Kemikali iliyo ndani ya mkebe haihesabu kilomita. Huhesabu miaka, joto na unyevu.

Gari likivuka bahari

Magari mengi yanayosajiliwa Kenya huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kanuni ya nchi huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane. Kwa hesabu hiyo, gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2012, mwaka ambao Mazda iliacha kuunda RX-8, lingeweza kuingia nchini kihalali hadi mwaka wa 2019.

Kuanzia Mei 2018, Japani iliamua kwamba magari yenye mifuko ya Takata iliyo katika kundi la hatari kubwa na ambayo hayajarekebishwa yasipite ukaguzi wa lazima. Bila ukaguzi huo, gari haliruhusiwi kutembea barabarani. Australia nayo ilitoa agizo la lazima mwaka wa 2018 na kuwapa watengenezaji hadi mwisho wa 2020 kubadilisha mifuko yote iliyoathiriwa. Mamlaka za majimbo ziliweza hata kusimamisha usajili wa gari ambalo mwenyewe alipuuza wito.

Hatua za namna hiyo huzilinda barabara za nchi iliyozichukua. Hazisemi lolote kuhusu barabara za nchi ambako magari yaleyale huuzwa baadaye. Gari likishafutwa katika sajili ya Japani na kupakiwa melini, barua haina tena pa kwenda.

Cheti cha ukaguzi kinachotolewa kabla ya gari kusafirishwa hakipaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba wito umetimizwa. Mkaguzi hutazama breki, taa, magurudumu na mambo mengine yanayoonekana au kupimika. Kemikali iliyoharibika imo ndani ya mkebe wa chuma uliozibwa, na hakuna jicho linaloweza kuiona.

Vivyo hivyo, taa ya mfuko wa hewa iliyo kwenye dashibodi haisaidii. Taa hiyo huwaka waya zinapokatika au kihisi kinapokufa. Haijui chochote kuhusu hali ya kemikali. Gari lenye mkebe wa hatari linaweza kukaa miaka mingi bila taa hiyo kuwaka hata mara moja.

Hatua za kufuata

Kwa kuwa barua haitakuja, mwenye gari ndiye anayepaswa kuitafuta. Kazi hii haihitaji ufundi. Inahitaji subira na karatasi.

Hatua ya kwanza ni kupata nambari ya chesi. Imeandikwa kwenye hati ya usajili wa gari, na pia imechongwa au kubandikwa kwenye gari lenyewe: katika ukuta wa chuma unaotenga injini na viti, kwenye fremu ya mlango wa dereva, au chini ya kioo cha mbele. Nambari hizi zilinganishwe. Zikitofautiana, mwenye gari ana tatizo jingine kubwa zaidi la kushughulikia kwanza.

Magari yaliyoundwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya huwa na nambari yenye herufi na tarakimu 17. Yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na nambari fupi zaidi. RX-8 ya Japani, kwa mfano, huanza kwa SE3P, kisha hufuata kistari na tarakimu sita.

Hatua ya pili ni kuuliza mahali panapostahili. Tangu Agosti 2014, watengenezaji wakubwa wanaouza magari Marekani wanatakiwa kutoa huduma ya bure katika intaneti inayomwezesha mtu kuingiza nambari yake na kuona kama gari lina wito ambao haujatimizwa. Watengenezaji wa Japani wana huduma kama hiyo kwa magari ya nchini mwao, ingawa mara nyingi huwa kwa Kijapani.

Hapa wengi hujikwaa. Nambari ya gari la Japani ikiingizwa katika huduma ya Marekani, hakuna kitakachopatikana. Kimya hicho si uthibitisho wa usalama. Ni sawa na kumtafuta mtu wa Kisumu katika daftari la wakazi wa Garissa, kisha kusema hajazaliwa.

Hatua ya tatu ni kumwandikia wakala wa mtengenezaji aliyeko nchini. Barua au baruapepe itaje nambari ya chesi, mwaka wa gari, nchi lilikotoka, na jina na simu ya mwenye gari. Maswali yawe manne: Je, gari hili limeitwa? Ikiwa limeitwa, ni mfuko wa upande wa dereva, wa abiria, au yote miwili? Kipuri kipo au kitachukua muda gani kufika? Na wakati wa kusubiri, gari liendeshwe au liegeshwe?

Jibu liombwe kwa maandishi. Wajibu wa mtengenezaji kwa gari lililoagizwa na mtu binafsi kutoka nchi nyingine hutegemea sheria na mipango ya kila soko, na sheria ya Marekani au ya Japani haiteremki bandarini Mombasa pamoja na gari. Wapo mawakala watakaolirekebisha bila maneno, na wapo watakaotaka kwanza idhini ya makao makuu. Karatasi yenye tarehe humsaidia mwenye gari katika hali zote mbili.

Akikataliwa bila sababu, anaweza kumwandikia mtengenezaji moja kwa moja. Nchini Kenya, Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 humpa mnunuzi msingi wa kulalamika kuhusu bidhaa isiyo salama.

Hatua ya nne ni kulifikisha gari panapotakiwa. Ikiwa onyo linasema lisiendeshwe, basi lisiendeshwe hata kwenda gereji. Onyo la Agosti 2024 lilipotolewa, Mazda na Ford zilijitolea kuyavuta magari bila malipo au kuwatuma mafundi hadi nyumbani. Anayeishi mbali na huduma hizo ana njia ya kulikokotesha kwa lori. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na jicho.

Kazi yenyewe si ndefu. Fundi hutenganisha betri, husubiri hadi umeme uliobaki katika mfumo uishe, kisha hufungua mfuko wa usukani au sehemu ya dashibodi iliyo mbele ya abiria na kuweka kipuri kipya. Kwa kawaida gari hutoka siku hiyohiyo.

Hatua ya tano ni kudai hati inayoonyesha nambari ya chesi, kazi iliyofanywa na tarehe. Hati hiyo ihifadhiwe pamoja na hati ya usajili, na ikabidhiwe mnunuzi siku gari litakapouzwa.

Mwenye gari aulize pia kama marekebisho hayo ni ya mwisho. Swali hili si la bure. Miaka ya mwanzo ya wito wa Takata, vipuri vilikuwa haba kiasi kwamba baadhi ya magari yaliwekewa mikebe mipya ya aina ileile ya kemikali, ili kupunguza hatari kwa muda. Magari hayo yalihitaji kuitwa mara ya pili. Anayejua tu kwamba "kazi ilishafanywa" huenda anazungumzia ile ya muda.

Mambo ya kuepuka

Lipo kishawishi la kuufungua mfuko wa hewa nyumbani au kwa fundi wa karibu. Kishawishi hicho ni cha hatari. Mfumo huo huhifadhi umeme kwa muda hata baada ya betri kutolewa, na mfuko ukifyatuka mbele ya uso wa fundi huweza kumuua.

Mwaka wa 2014, vipuri vilipokosekana, Toyota iliwaruhusu mawakala wake Marekani wauzime mfuko wa upande wa abiria na kuonya kwamba kiti hicho kisikaliwe. Hata hiyo ilikuwa kazi ya wakala, kwa muda, na kwa maandishi. Kuukata waya kienyeji na kuendelea kumbeba mtoto au mke katika kiti hicho ni jambo jingine.

Kununua mfuko wa hewa uliotumika nako ni kucheza pata potea. Hakuna anayejua ulitoka gari gani, wala kama gari hilo lilikuwa limeitwa. Mwenye gari lililowahi kupata ajali na kufufuliwa anapaswa kumwomba wakala akague nambari iliyoandikwa kwenye mfuko wenyewe, wala asiridhike na jibu la nambari ya chesi pekee.

Wala mkebe wa zamani usitupwe jalalani au kutumwa kwa posta. Mikebe hiyo husafirishwa kama bidhaa hatari, na ipo sababu. Mnamo Agosti 2016, lori lililobeba mikebe ya Takata na kemikali yake lilipata ajali na kulipuka karibu na Quemado, jimbo la Texas. Nyumba iliyokuwa kando ya barabara iliteketea na mwanamke aliyekuwamo akafariki.

Akisubiri kipuri, na ikiwa gari halijawekewa onyo la kuegeshwa, dereva anashauriwa kusogeza kiti nyuma ili kifua chake kiwe umbali wa sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye usukani, na asimkalishe mtu mbele ya mfuko ulioitwa. Mshipi wa usalama ufungwe daima. Ushauri huu hupunguza madhara tu. Hauondoi hatari.

Kabla ya kulipa bei

Wakati mzuri zaidi wa kuuliza kuhusu wito ni kabla ya fedha kubadilisha mikono. Nchini Marekani, tangu Juni 2016, kampuni za kukodisha magari zenye magari zaidi ya 35 haziruhusiwi kukodisha gari lenye wito ambao haujatimizwa. Lakini sheria hiyo ya kitaifa haimzuii mfanyabiashara kuuza gari lililotumika likiwa na wito uleule. Ikiwa mnunuzi wa Marekani anaachiwa ajiangalie mwenyewe, mnunuzi wa Nairobi au Mombasa ana sababu kubwa zaidi ya kujiangalia.

Anayetaka kununua RX-8, S2000 au Impreza hupiga injini, husikiliza mngurumo, hukagua rangi na kuuliza kuhusu matumizi ya mafuta. Aongeze swali moja: hati ya marekebisho ya mfuko wa hewa iko wapi? Muuzaji akiwa nayo, ataitoa. Asipokuwa nayo, nambari ya chesi iandikwe kwenye karatasi na biashara ingoje hadi wakala ajibu.

Mtengenezaji alikwisha kukubali kosa, na mara nyingi kipuri kimekaa ghalani kikimngoja mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kukiambia gari liliko, na mtu huyo ni yule mwenye funguo mfukoni.